Notisi kwa Marehemu: Mwanasheria wa Halmashauri na Nyumba za Urithi Kilwa



Nyumba kongwe za Kilwa Kivinje zimejengwa kwa mawe na chokaa, na nyingi hivi sasa hazina paa. Ukiuliza nyumba fulani ni ya nani, utajibiwa kuwa ni ya watoto wa fulani, na huyo fulani alifariki kabla ya uhuru. Watoto waliobaki ni wazee wasiojiweza. Wajukuu wako Unguja, wako Mafia, wako Dar es Salaam na wengine Maskati. Hakuna anayelala ndani, hakuna anayeuza, hakuna anayebomoa. Kila masika ukuta unainama kidogo zaidi kuelekea uchochoro ambao watoto wanapita kwenda chuoni.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na nchi nzima ikazungumzia barabara. Ilikuwa ni haki kuizungumzia. Kuta hizi hazikupata msemaji, ilhali mvua ile ile ndiyo inayozilainisha.

Jambo hili mwisho wake huangukia kwenye meza ya mtu ambaye wengi hatumjui: mwanasheria wa halmashauri. Yeye ndiye anayeandaa sheria ndogo, anayepitia mikataba, anayewashauri maafisa ardhi na afya, na anayeyaelimisha mabaraza ya kata. Jengo likiwa hatari kwa wapita njia, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa nguvu ya kumtaka mwenye jengo aondoe madhara hayo. Notisi huandikiwa mtu. Ataandika jina gani? Katika daftari kuna jina la marehemu, na marehemu hapokei notisi. Akiiandika kwa "warithi wa fulani", kila mrithi atasema mwenzake ndiye aliyekusudiwa.

Wanazuoni wetu walilijua tatizo hili karne nyingi kabla ya kuwapo halmashauri. Katika vitabu vya fiqhi upo mlango wa ukuta ulioinama. Kwa Mahanafi, mwenye ukuta akionywa mbele ya mashahidi, akapata muda wa kutosha wa kuubomoa na asifanye, kisha ukaangukia mtu, dhamana iko juu yake. Wakasema pia kuwa ukuta wa watu kadhaa, akionywa mmoja wao tu, hubeba kwa kadiri ya sehemu yake. Kwa upande wa madhehebu yetu ya Shafii, iliyo mashuhuri ni kuwa ukuta uliojengwa wima kisha ukainama wenyewe hauna dhamana, na ipo kauli ya pili kuwa mwenyewe akiweza kuubomoa au kuutengeneza na akaacha, anadhamini. Kauli yoyote utakayoishika, hadithi ya kukataza kudhuru na kudhuriana inabaki pale pale. Ukiitazama vizuri, notisi ya mwanasheria ni ule ule ushahidi wa onyo waliousema mafakihi, ila sasa una muhuri.

Kinachokosekana ni mtu wa kuonywa. Hapa ndugu zetu wa Unguja na Pemba hukosea kwa kudhani mambo ya bara ni kama ya kwao. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na dola. Bara, kadhi wa BAKWATA anaweza kukupigia hesabu ya mirathi sawasawa kabisa, lakini karatasi yake haimpi mtu mamlaka juu ya nyumba mbele ya ofisi ya ardhi. Mamlaka hayo hutolewa na mahakama, na kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu, ambayo inaweza kutumia sheria ya Kiislamu marehemu akiwa Mwislamu. Mahakama humteua msimamizi wa mirathi, naye hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi minne. Msimamizi si mmiliki. Ni mwenye kubeba amana, na wapo wengi, Mwenyezi Mungu atusitiri, wanaolisahau hilo siku ya pili tu baada ya kupata barua.

Jambo jingine ni muhtasari wa kikao cha ukoo unaopelekwa mahakamani. Mara ngapi majina yaliyomo ni ya wanaume watupu? Dada walioolewa visiwani hawakuitwa, mjane wa pili amesahauliwa. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imewathibitishia wanawake fungu lao, liwe dogo au kubwa. Mwanasheria wa halmashauri hana namna ya kuwajua wasioandikwa. Yeye husoma karatasi iliyo mbele yake, na karatasi ikidanganya, dhambi ni ya walioiandika.

Nyumba hizi zilikaa miaka mingi bila kugombewa kwa sababu hazikuwa na bei. Hali hiyo inabadilika. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi Septemba 2023, gesi ya Songo Songo inatumika tangu mwaka 2004, na huko Likong'o, jirani na mji wa Lindi, watu walipisha eneo la mradi wa kusindika gesi na wakasubiri fidia kwa miaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Lakini mthamini huandika jina, na benki hulipa jina. Familia iliyochelewa kufungua mirathi kwa miaka arobaini itaanza kuifungua siku fedha zinapotangazwa, na kikao cha siku hiyo hakifanani na kikao cha siku ya arobaini ya marehemu.

Je, mwanasheria huyu ni wenu? Hapana. Ni wa halmashauri, na mkishitakiana na halmashauri atakuwa upande wa pili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yameziweka halmashauri na vijiji pamoja na Serikali Kuu: anayetaka kuzishitaki hutoa kwanza notisi ya siku 90, humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Mashauri mengi yamefutwa kwa sababu mdai alishitaki kijiji peke yake, au hakutoa notisi. Kwa mvuvi wa Kilwa Kisiwani mwenye nyumba ya vyumba viwili, huo ni mlima, na mimi naona sheria hii imemwelemea mnyonge.

Hata hivyo siku 90 ni nyingi. Mwanasheria mwenye kumcha Mungu anaweza kuzitumia kuita pande zote, kwenda kuuona ukuta, kumshauri mkurugenzi wake kwamba hapa tumekosea, tulipe. Asiye na hofu huziacha zipite. Wapo vijana wetu waliosoma sheria wanaouliza kama kazi hii ni halali. Uwakili katika madai unajulikana katika fiqhi, na asili yake ni kujuzu. Mpaka umewekwa na aya ya 105 ya Suratun Nisaa, ambayo wafasiri wanasimulia kuwa ilishuka pale jamaa za mwizi wa Kiislamu walipotaka Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amtetee, na kosa abebeshwe Myahudi asiye na hatia. Mwajiri akiwa amedhulumu na wakili wake anajua, ufasaha wake mahakamani hauihalalishi dhuluma ile.

Nanyi mlio visiwani na nyumba ya babu iko Kivinje, msingoje notisi. Tafuteni cheti cha kifo, na kama hakipo anzeni kukishughulikia, maana bila hicho safari ni ndefu. Andikeni warithi wote, wake kwa waume, pamoja na warithi wa warithi waliofariki. Kisha mmoja wenu apande boti aende, akiwa na idhini ya wengine kwa maandishi. Ukuta ukiwa umeshainama, fundi aitwe hata kabla ya mahakama, kwani kumwondolea mpita njia madhara hakungoji mgawanyo wa mafungu, na aliyelipa gharama kwa makubaliano ya wenzake ana haki ya kuzidai kwao.

Wallaahu A'lam.