Kufeli kwa agizo la nyumbani

Haya wadau, leo tuzungumze mtihani wa darasa la saba. Najua wengi wetu tulishausahau, tukishika digrii tunaona la saba ni mambo ya kaptula. Lakini nina jambo limenikaa rohoni tangu nilipopita Mhunze.

Kwa ambaye hajafika, Mhunze ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Tulikaa kwa mama ntilie watu wanne. Binti aliyetuhudumia akapiga kichwani hesabu ya chai, chapati na maharage ya kila mmoja wetu, akatoa na chenji kabla mimi sijafungua kikokotoo cha simu. Nikamuuliza habari za shule. Akasema alimaliza la saba, akafeli. Nikamtania: mtu wa hesabu kama hizi anafelije? Akacheka, akatazama pembeni, akasema kwao aliambiwa asifaulu.

Jamani, mimi ni mwandishi wa habari. Nimeshaandika habari za matokeo, mkoa huu umepanda, wilaya ile imeshuka, na sikuwahi kujiuliza kama kuna mtoto anayefeli kwa sababu ni mtiifu.

Wala si yeye peke yake. Kwa miaka mingi walimu na viongozi wa Shinyanga na mikoa jirani wamelalamika hadharani kuwa wapo wazazi wanaowaagiza watoto wao, hasa wa kike, waandike majibu ya uongo. Sisi wa mjini tukisikia tunacheka, eti washamba. Hebu tuache kucheka tupige hesabu.

Tangu 2012 watoto wa la saba wanajibu kwa kuweka kivuli kwenye herufi. Swali lenye herufi tano, ukibahatisha tu unayo nafasi moja kati ya tano ya kupata. Maana yake asiyejua kitu kabisa naye ataokota alama mbili tatu kwa bahati. Lakini kukosa kwa uhakika, swali baada ya swali, ni kazi ya anayejua jibu. Lazima ulione kwanza, ndipo ulikwepe. Yule binti ndicho alichokifanya, alitumia akili yake yote kuificha akili yake.

Sasa kwa nini mzazi atake hivyo? Binti akipata A, B au C amefaulu, na nyumbani wanaanza kuhesabu. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa Januari 2016, sawa. Lakini sare inanunuliwa, madaftari yananunuliwa, chakula kinatakiwa. Shule ya kata ikiwa mbali, mtoto anapangishiwa chumba, na mzazi halali usingizi akiwaza nani anamgongea mlango usiku. Upande wa pili kuna ng'ombe wa mahari, na ng'ombe unamwona zizini, hasubiri miaka minne. Kwa nyumba ambayo pamba imekataa na mtama umekauka, mzani umeshalala upande mmoja kabla hata mtihani haujafika.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo kichwa kiliponiuma. Mwaka 2016 Bunge liliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Sheria kali, na ni nzuri. Lakini inamlinda mwanafunzi. Aliyemaliza la saba akafeli si mwanafunzi tena, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu baba kumwoza binti wa miaka 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka huohuo wa 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Lakini hukumu inasomwa Dar es Salaam, mahari inajadiliwa chini ya mti. Anayemtaka binti hana haja ya kuvunja sheria ya wanafunzi, anasubiri matokeo tu. Kufeli ndiyo ruhusa yake.

Tusisahau tulikotoka pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga, kabla Simiyu na Geita hazijawa mikoa mwaka 2012, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufikisha 18. Ulikuwa ukiongoza nchi nzima. Tulipokuwa tunausema mkoa huo kwa kufanya vibaya la saba, nani aliziweka takwimu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja?

Najua mtaniambia, acha kuwatetea walimu, watoto wengi wanafeli kwa sababu hawajafundishwa. Kweli kabisa. Uwezo walipopima mwaka 2010 walikuta mtoto mmoja kati ya watano anayemaliza la saba hawezi kusoma Kiswahili cha darasa la pili. Huyo hakuagizwa na mtu, huyo tulimwangusha sisi. Ninachosema ni kwamba jedwali la matokeo linawaweka wote wawili kwenye mstari mmoja, asiyejua na aliyekatazwa kujua. Dawa ya mmoja haimponyi mwenzake. Huyu wa pili hata ukimletea mwalimu bora wa nchi, atafundishika vizuri sana, kisha atafeli vizuri sana.

Na bado wanaweza kutenganishwa. Kabla ya mtihani wa taifa watoto wanafanya moko, na nyuma huko wana upimaji wa darasa la nne. Mtoto anayeng'ara kwenye moko, Septemba akaporomoka ghafla, amepiga kelele. Afisa elimu wa wilaya ana karatasi zote mbili mezani. Kwa nini asitume mtu kwenye kaya hiyo kabla ng'ombe hawajafika? Haihitaji mfadhili, inahitaji daftari na pikipiki.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora, na mimi nilipiga makofi. Sasa linakuja kubwa zaidi: Sera ya Elimu toleo la 2023 inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, na mwaka 2027 darasa la sita watamaliza pamoja na la saba wa mwisho. Kufeli hakutakuwa tena tiketi ya kutoka shuleni. Safi. Lakini mzani wa nyumbani haufutwi na waraka. Kama hakuna hosteli, kama shule bado iko mbali, aliyekuwa akiagizwa afeli ataagizwa atoroke, na utoro hauna hata karatasi ya kusahihisha.

Kwa hiyo wadau, matokeo yakitoka, kabla hatujauliza nani wa mwisho, tuulize nani alikuwa na faida mtoto huyu akiwa wa mwisho. Nilipoaga pale Mhunze niliacha chenji mezani. Binti akanikimbilia nayo, akaihesabu tena mbele yangu, haikupungua hata shilingi.

Naomba kutoa hoja.