Mwanya wa Plagi Si Jambo la Kukisia

Miongoni mwa mafundi na wapenda magari imeenea imani kwamba mwanya wa plagi ukipanuliwa cheche huwa kubwa, na cheche ikiwa kubwa gari hupata nguvu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli kwa injini ya kawaida ya petroli. Lakini kwa injini iliyofungwa tabo na kutumia ethanoli, yaani alkoholi ya miwa au nafaka, imani hiyo yaweza kuleta hasara kubwa. Chanzo cha kosa hili si uhaba wa vifaa, bali ni desturi ya kutenganisha fizikia ya darasani na kazi ya gereji.

Ethanoli si mafuta ya kubuni. Brazil ilianzisha mpango wa taifa wa alkoholi mwaka 1975, na mwaka 1979 gari aina ya Fiat 147 likaanza kuuzwa likiendeshwa kwa alkoholi peke yake. Mwaka 2015 Volkswagen ilianza kuuza huko gari dogo liitwalo up! TSI, lenye tabo na liwezalo kutumia petroli, ethanoli, au vyote viwili vikichanganywa. Nchini Kenya, katika miaka ya 1980, alkoholi iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ilichanganywa na petroli.

Ethanoli na tabo hupatana vizuri. Tabo hushindilia hewa ndani ya silinda, na hewa iliyoshindiliwa hupata joto, hata petroli ikaweza kulipuka ovyo na injini ikagonga. Ethanoli hustahimili hali hiyo zaidi. Inapogeuka mvuke, kilo moja ya ethanoli hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya lile lifyonzwalo na kilo ya petroli. Isitoshe, kilo moja ya ethanoli huhitaji kilo 9 tu za hewa ili iungue barabara, ilhali petroli huhitaji karibu kilo 14.7. Hivyo mafuta mengi zaidi huingia na kuipoza hewa.

Hapo ndipo plagi inapopata mtihani. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili umeme uruke mwanya hutegemea kanieneo ya hewa ikizidishwa kwa upana wa mwanya, halijoto isipobadilika. Tabo ikiongeza msongamano wa hewa na mwanya ukabaki ule ule, volti zinazohitajika hupanda. Koili ikishindwa kuzitoa, cheche hukosekana na injini humisi, tena wakati ule ule dereva anapokanyaga mafuta akitaka nguvu. Dawa yake ni kupunguza mwanya. Plagi nyingi za magari ya kawaida huwa na mwanya wa milimita 0.8 hadi 1.1, penye tabo yenye msukumo mkubwa, milimita 0.5 hadi 0.7 ni jambo la kawaida.

Hata hivyo, kupunguza mno nako kuna madhara. Cheche fupi huanzisha mwale dhaifu, na ethanoli ni nzito kuwaka injini ikiwa baridi. Kwa hiyo mwanya ufaao ni ule mpana kuliko yote ambao injini haimisi nao ikiwa na mzigo kamili.

Jambo la pili ni joto la plagi yenyewe. Ingawa ethanoli haigongi upesi, huwashwa kwa urahisi na kitu chenye moto mkali kabla ya cheche kutokea, na mwako huo wa mapema waweza kutoboa pistoni. Ncha ya plagi yapasa kuwa kati ya nyuzi 500 na 850 za Sentigredi: chini ya hapo hushika masizi, juu ya hapo huwasha mafuta. Ndiyo maana huchaguliwa plagi "baridi", yenye pua fupi ya kauri ipitishayo joto upesi. Lakini asiyejua maana ya namba atapotea: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch namba kubwa ni plagi ya moto zaidi.

Wako watakaosema kwamba kitabu cha mtengenezaji chatosha. Chatosha kwa gari lisilobadilishwa. Mara mafuta au msukumo wa tabo ukibadilishwa, kitabu hicho huwa kinaeleza injini nyingine.

Yafaa basi walimu wa fizikia walete darasani plagi kuukuu na kipimo cha mwanya. Wanafunzi wapime, wakunje taratibu ncha ya pembeni bila kuigusa ile ya kati, kisha wapime tena. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya Paschen bila kuona mwanya hajaielewa, na fundi akisiaye mwanya kwa jicho huokoa dakika mbili akahatarisha injini nzima.