Sindano ya ramli

Siku ya mnada, iwe Katesh au Haydom, kati ya mafungu ya vitunguu saumu na mashuka ya wafugaji hukosi kuona meza ya dawa za mifugo, chupa zimepangwa juani ingawa lebo zake zinataka kivuli. Mteja anafika, anasema ng'ombe wake hali. Muuzaji haulizi kama mnyama ana homa, anakohoa au ametupa mimba. Anauliza moja tu: ya kumi au ya ishirini? Yaani OTC ya asilimia 10 au ya asilimia 20. Mteja anachagua kwa kadiri ya pesa iliyomo mfukoni, anaongeza bomba la sindano, anaondoka. Mwulize kwa nini hakuanza kwa bwana mifugo, atakujibu kwa maneno ambayo Mbulu na Hanang nzima wanayaamini: OTC haina hasara, isipoponya haidhuru.

Imani hiyo ni ya uongo, na inaua. Inaua ndama kwanza, kisha kuku, kisha mbwa, na haiwaachi salama wanaokunywa maziwa.

Dawa yenyewe haina kosa. OTC, kwa jina refu oksitetrasaiklini, ni antibayotiki yenye sifa zake: kwa ndigana baridi iliyotambuliwa mapema, na kwa maradhi kadhaa ya bakteria, inamwinua mnyama aliyekuwa amelala. Ndiyo maana sifa zake zimeenea. Ila sifa nyingine inazovuna hazikulimwa na yenyewe. Ng'ombe mzima akipata homa ya miguu na midomo, ambayo ni ya virusi, mara nyingi hupona mwenyewe baada ya wiki mbili hivi. Mwenye ng'ombe amempiga sindano siku ya tatu; mnyama akianza kula, shukrani zote zinakwenda kwenye chupa. Msimu ujao jirani zake watano wamenunua chupa hiyohiyo.

Sasa njoo kwenye ndigana kali, ambako imani hii inatoza bei yake kamili. Majina yanafanana, dalili za mwanzo zinafanana: homa, manyoya kusimama, kukataa kula. Lakini ndigana kali haisababishwi na bakteria. Inaletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa sikio wa rangi ya kahawia, na dawa yake ni buparvakwoni, ambayo inafanya kazi vizuri mnyama akiwahiwa. Dalili ya kwanza ya kutafuta ni tezi: ile iliyo chini ya sikio inavimba, halafu ya mbele ya bega. Mtaalamu anapapasa shingo ya ndama na tayari ana fununu. Akichoma tezi hiyo na kutazama majimaji yake kwenye hadubini, ana jibu. Mfugaji mwenye chupa ya OTC hana haja ya kupapasa. Anapiga Jumatatu, anarudia Jumatano, na Ijumaa, ndama anapotoa povu puani kwa sababu mapafu yamejaa maji, ndipo simu inapigwa kwa bwana mifugo. Ndama anakufa Jumamosi, na kijiji kinajifunza somo la kinyume: bwana mifugo alikuja, ndama akafa.

Kuna wanaojitetea kwa hoja inayoonekana ya kisomi: mbona chanjo ya ndigana kali, ile ambayo ndama akishachanjwa huvalishwa hereni sikioni, inaambatana na sindano ya OTC? Kweli inaambatana. Katika chanjo ile mnyama anaingizwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na OTC ya kukaa muda mrefu mwilini inapigwa siku ileile ili kuvibana kabla havijashamiri, kinga ijengeke. Nguvu yake iko pale mwanzoni kabisa. Tezi zikishavimba, wakati wake umepita. Aliyeona sindano mbili za mchanjaji akadhani moja peke yake inatosha kutibu, aliona vizuri akaelewa vibaya.

Haya ndiyo madhara ya dawa isiyostahili. Dawa inayostahili nayo huharibiwa na kipimo. Maelezo ya kawaida ya OTC ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito wa mnyama. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25, tena zigawanywe, zisichomwe zote sehemu moja ya msuli. Ni nani hapa anayepima uzito? Utepe wa kuzungusha kifuani ungetosha, lakini nao haupo. Basi ng'ombe mkubwa anapata bomba moja la mililita 10, ndama anapata nusu bomba, na mbuzi anapata kilichobaki. Ile ya asilimia 10 inatakiwa kurudiwa kila siku kwa siku kadhaa. Kwa kuwa chupa imekwisha na mnyama ameanza kucheua, inaishia siku ya kwanza. Bakteria walio dhaifu wanakufa. Wale wenye uwezo wa kuistahimili dawa wanabaki, wanazaana, na wanagawiana uwezo huo hata na bakteria wa aina nyingine.

Na bakteria hao hawakai zizini peke yao. Katika nyumba nyingi za Wairaqw ng'ombe wamelala paa moja na watu tangu enzi na enzi, kwa sababu za baridi na usalama zisizohitaji kuchekwa. Kinyesi kiko hapo, mikono ya anayekamua iko hapo, kibuyu cha maziwa kiko hapo. Utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba, kwa watoto wenye maambukizi ya bakteria kwenye damu, kupewa dawa ambayo vimelea wao wameshaizoea ni jambo lililoongeza hatari ya kifo. Sisemi usugu ule ulitoka kwa ng'ombe wa Hanang. Nasema antibayotiki za zizini na za wodini ni za koo zilezile, na mtoto akifikishwa Haydom au Dareda akiwa mahututi, daktari atatoa katika kabati lenye aina chache.

Kuhusu maziwa, nitajie boma moja ambalo ng'ombe akishapigwa OTC maziwa yake yanamwagwa. Karatasi iliyomo ndani ya boksi, ambayo huishia kuwashia moto, kwa OTC nyingi za asilimia 20 huagiza maziwa yasinywewe kwa wiki moja hivi na nyama isiliwe kwa wiki tatu hadi nne. Wiki moja bila maziwa ni njaa kwa kaya ya Kibarabaig, nalijua hilo. Lakini watoto wanaonyweshwa dawa hiyo ndio ambao meno yao bado yanaota, na oksitetrasaiklini inajulikana kwa kuyatia madoa yasiyofutika meno yanayoota. Penisilini, ambayo nayo inauzwa meza hiyohiyo, inaweza kumletea mzio mtu asiyepatana nayo. Kuchemsha, jambo ninaloliunga mkono kwa mikono miwili kwa sababu ya brusela na kifua kikuu, kunaua vimelea. Hakutegemewi kuondoa mabaki ya dawa. Akina mama wanaogandisha maziwa wana kipimo chao ambacho hakuna maabara iliyowafundisha: maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yanaweza kukataa kuganda, kwa sababu dawa inawaua hata bakteria wanaogandisha. Maziwa yakigoma kibuyuni bila sababu, waulize vijana wamepiga nini zizini.

Kuku sitawasemea sana. Mdondo ni wa virusi. Kapsuli ya tetrasaiklini ya binadamu iliyopasuliwa na kumwagwa kwenye maji ya kunywa haiwasaidii hata kidogo. Chanjo ya tone la jicho inayorudiwa kila miezi mitatu inawakinga.

Mbwa ndiye anayenitia hofu kuliko wote, kwa kuwa kwake kosa linamgeukia mtu papo hapo. Mbwa wa boma ameacha kula, anatoa udenda, taya limelegea, anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni. Mwenyewe anamwonea huruma. Anachukua kapsuli ya rangi mbili iliyobaki tangu mtoto alipougua, anampanua mdomo, anaisukuma mpaka ndani kwa vidole. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa, na mate hayo ndiyo njia yake ya kuambukiza. Hakuna antibayotiki duniani inayotibu kichaa, kwa mbwa wala kwa mtu, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna kurudi. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate hayo penye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha siku hiyohiyo akapate chanjo hospitali. Mbwa huyo asiguswe tena kwa mkono. Afungiwe, na afisa mifugo aitwe.

Najua nitakavyojibiwa: huyo afisa mifugo yuko wapi? Ni hoja nzito. Mmoja anahudumia vijiji vilivyotawanyika, barabara za masika zinajulikana, na akifika anahitaji mafuta ya pikipiki. Utafiti wa kaya 415 za kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa 2017 ulikuta Wamaasai, wenye makundi makubwa, ndio wanaojipigia sindano wenyewe zaidi, na Wachaga wenye ng'ombe wasiofika watano ndio wanaotumia dawa hizi kwa uchache. Kwa hiyo mfugaji wa Bassotu mwenye ng'ombe 80 haongozwi na ujinga peke yake. Ila umbali wa daktari haugeuzi virusi kuwa bakteria. Na siku hizi umbali huo una simu: piga, eleza tezi, eleza mkojo, tuma picha ya ufizi, sikiliza kabla hujavuta dawa kwenye bomba.

Sheria ya Veterinari tunayo tangu 2003, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina uwezo wa kisheria juu ya dawa za mifugo kama ilivyo kwa za watu. Kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo ilizinduliwa Simiyu Juni 2025, ikiwa na sotoka ya mbuzi na kondoo pamoja na mdondo kwenye orodha yake, maradhi mawili ya virusi ambayo OTC haiyawezi. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa pale mnadani. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mnada kwa kila kichwa cha mnyama. Zitenge sehemu ya ushuru huo zimweke daktari wa mifugo mwenye hadubini, utepe wa kupimia uzito na buparvakwoni kwenye kila mnada wa Mbulu na Hanang, na meza ya chupa za juani iondolewe siku hiyohiyo.