Kamera mpya si lazima Desemba hii

Wachagga wanaporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka, harusi, sendofu na kipaimara hufuatana, na soko la video mjini Moshi huchangamka. Wapo Njoro wanaopanga kukopa wanunue kamera kubwa kabla ya msimu. Maoni yetu ni kwamba wasubiri kwanza.

Kasoro nyingi ambazo wateja hulalamikia hazitokani na udogo wa kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50. Anayepiga fremu 30 kwa kasi ya 1/60 ukumbini huweza kupata taa zinazopepesa, na kuziondoa baadaye kwenye kompyuta ni kazi ngumu. Weka fremu 25 na kasi ya 1/50. Rangi nayo kamera isiachiwe ijiamulie: jua la mchana lipimwe Kelvini 5600, ukumbi wenye balbu za manjano 3200, la sivyo shela ya bibi harusi itageuka rangi kila kamera inapogeuzwa. Tena shela isiunguzwe na mwanga. Weupe uliopotea haurudi, lakini uso uliofifia kidogo huinuliwa.

Halafu kuna tamaa ya logi, ile picha iliyopauka inayosubiri kutiwa rangi baadaye. Kwa kamera ya biti 8 na mhariri mwenye harusi tatu mezani, hiyo ni hasara: ngozi hupata mabaka, kazi huchelewa, mteja hushikilia salio. Safu hii ingependelea fedha za mkopo ule zipungue, zinunue kichujio cha kupunguza jua, maana nje kasi ya 1/50 huingiza mwanga mwingi, pamoja na betri na diski ya pili ya kuhifadhi.