Afya ya Nyumbani: Mlinzi Aliye Ndani ya Togwa



Wewe mama wa Misunkumilo, juzi ulipika uji, ukauacha upoe, ukatia kimea cha ulezi, ukafunika chungu. Leo una togwa chachu. Jirani yako naye ametikisa kibuyu cha maziwa ya mgando. Je, umepata kujiuliza kwa nini vyakula hivi haviozi upesi?

Sababu ni hii. Ndani yake vimo vijidudu vyema, visivyoonekana kwa macho. Hivyo hula sukari na kutoa asidi, ndiyo uchachu unaouonja. Vijidudu vibaya vingi havistawi katika uchachu mkali. Hiyo ndiyo silaha ya kwanza.

Silaha ya pili ni mishale. Baadhi ya vijidudu vyema hutengeneza vipande vidogo sana vya protini, viitwavyo bakteriosini. Kimojawapo ni nisini, kilichopewa jina mwaka 1947 na Mattick na Hirsch wa Uingereza. Hutoka kwa kijidudu kinachogandisha maziwa. Nisini hukishika kijidudu kibaya, hukizuia kujenga ukuta wake, kisha hutoboa utando wake. Yaliyomo huvuja kama maji ya mtungi uliotoboka, nacho hufa. Siku hizi nisini hutiwa katika jibini ili isiharibike.

Utauliza: basi, togwa hushinda kila ugonjwa? La. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vina utando wa pili wa nje, na mshale huo haupenyi kwa urahisi. Hapo uchachu ndio unaosaidia zaidi. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania. Watoto 151 walio chini ya miaka 5 walipewa uji mara moja kwa siku, kwa siku 13: wengine uji mchachu, wengine uji usiochachushwa. Kwa wale wa uji mchachu, vijidudu vya kuharisha vilionekana hapo kwanza katika vipimo kama 28 kwa kila 100. Siku ya 7 vilionekana katika vipimo kama 8 tu.

Lakini mlinzi hawezi kitu ikiwa wewe mwenyewe unamfungulia mwizi mlango. Kwa hiyo shika haya:

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kimea, na osha chungu vizuri.

Togwa ikiwa nzito, usiizimue kwa maji ya kisima yasiyochemshwa.

Maziwa yachemshe kwanza, yapoe, ndipo utie kijiko cha mgando wa jana. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, na kuyagandisha tu hakutoshi kuua vijidudu hivyo.

Mtoto asiyetimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama tu.

Tena, togwa si dawa. Mtoto akihara, mpe maji ya dawa ya pakiti yanayotolewa zahanati, endelea kumnyonyesha, umpeleke kwa mganga wa zahanati upesi. Macho yakididimia au akishindwa kunywa, usingoje kesho.

Bibi zetu walichachusha uji bila kuyajua majina haya. Sisi tumeyajua, basi tuwalinde watoto aliotukabidhi Mungu kwa chungu safi na maji yaliyochemka.