Radiohead Walipigania Uhuru Wakaupata, Sasa Bili Yake Ndio Hii

Kama mwaka jana ulikuwa TikTok hata kidogo, umeskia Radiohead, hata kama hukujua ni wao. Ngoma yao Let Down, ya 1997, ilishika moto huko mtandaoni hadi Agosti 2025 ikaingia Billboard Hot 100 ya Marekani. Miaka 28 baada ya kutoka! Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ndio waliisukuma.

Halafu Novemba na Desemba, wasee wenyewe wakarudi stejini. Walikuwa hawajapiga shoo pamoja tangu 2018. Shoo 20, miji mitano: Madrid, Bologna, London, Copenhagen na Berlin, usiku nne kila mji. Hakuna albamu mpya walikuwa wanauza. Walikuja tu na ngoma zao za zamani na arena zikajaa.

Lakini ukifuatilia stori ya hii ziara, utaona muziki ulikuwa nusu tu. Nusu ingine ilikuwa Gaza. Vuguvugu la BDS, linalotaka Israel isusiwe, liliwaambia mashabiki wasiende. Na swali la kujiuliza ni hili: wasanii kibao wamewahi kupiga shoo Israel, mbona hawa ndio wameshikwa koo hivi? Jibu liko kwa vile walijenga kazi yao.

Ngoma iliyowatoa, ikawachosha

Radiohead ni maboyz watano waliokutana shuleni Abingdon, karibu na Oxford, na kuanza bendi 1985. Thom Yorke anaimba, Jonny na Colin Greenwood ni ndugu, halafu kuna Ed O'Brien na Philip Selway kwa drums. Hadi leo ni hao hao watano. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeingizwa.

Lebo kubwa ya EMI iliwasaini 1991. Mwaka uliofuata wakatoa Creep, na kwao Uingereza ikaanguka vibaya. Unajua ilianza kubamba wapi? Israel. Redio za huko ziliicheza kabla Marekani ijue kitu, halafu 1993 ikarudi Uingereza ikaingia top ten. Hiyo weka kando, tutairudia.

Creep iliwapa jina, lakini ikawa kila mahali wanaenda watu wanataka hiyo tu. Wakachoka nayo, kuna miaka walikataa kabisa kuipiga. Mwaka 2000 wakafanya kitu lebo nyingi zingeita wazimu: wakatoa Kid A bila single hata moja na bila video rasmi. Ikaenda namba moja Uingereza na Marekani. Hapo ndio walijua wanaweza kukataa na bado watu wakawafuata.

Lipa unachotaka

Mkataba na EMI uliisha na albamu ya 2003, Hail to the Thief. Mwaka 2007 EMI ikanunuliwa na Terra Firma, kampuni ya wawekezaji. Bendi ilikuwa inataka sauti juu ya ngoma zao za zamani, mazungumzo yakagonga mwamba, wakajitoa.

Tarehe 10 Oktoba 2007 wakaweka In Rainbows kwa tovuti yao. Pale kwa bei wakaacha wazi, ujaze mwenyewe. Uko na pauni kumi, lipa kumi. Huna kitu, chukua bure. Na bado CD ilipofika madukani ilienda namba moja Uingereza na Marekani.

Mwaka uliofuata EMI ikatoa albamu ya hits zao bila wao kuwa na usemi. Hapo ndio unaelewa walikuwa wanakimbia nini. Ngoma ni yako, jasho ni lako, lakini mwenye karatasi ndiye anaamua itatoka lini na kwa jina gani.

Kuna watu waliwapinga, na walikuwa na pointi. Walisema ni rahisi kuachia mashabiki wapange bei kama umeshajengwa na pesa ya lebo miaka zaidi ya kumi. Msanii mchanga akijaribu hivyo atalala njaa. Ni ukweli. Lakini pia ni ukweli kwamba wengi wakishajengwa hivyo, hukaa hapo hapo kwa lebo wakihesabu doo. Hawa waliondoka.

Na hawakuachia hapo. Mwaka 2013 Yorke alitoa kazi zake za pembeni Spotify akidai wasanii wapya wanalipwa kidogo sana. Mwaka 2019 hacker aliiba rekodi zao za enzi za OK Computer, karibu saa 18, akaitisha dola 150,000. Wao wakaziweka Bandcamp wenyewe kwa pauni 18, na pesa ikaenda kwa wanaharakati wa mazingira wa Extinction Rebellion. Hata tiketi za 2025 ilibidi ujiandikishe kwanza kwa tovuti yao, ili kuzima walanguzi na roboti.

Yaani bei, ngoma, tiketi, hadi wezi, vyote waliweka chini ya mkono wao.

Tel Aviv

Sasa turudi kwa ile ya Israel. Julai 2017 Radiohead walipiga shoo Tel Aviv. Kabla ya hapo walikuwa wameandikiwa barua ya wazi waache, na Askofu Desmond Tutu alikuwa kati ya waliotia sahihi. Wakakataa. Yorke alisema kupiga shoo nchi fulani si kuunga mkono serikali yake.

Kwa Jonny hii si stori ya mbali. Mke wake ni msanii kutoka Israel, na amerekodi albamu na Dudu Tassa, mwanamuziki wa huko. Mwaka 2025 shoo zao mbili Uingereza zilifutwa baada ya kumbi kupata vitisho.

Yorke naye, Oktoba 2024 kule Melbourne, shabiki alimpigia kelele kuhusu Gaza katikati ya shoo yake ya peke yake, akatoka stejini kabla ya kurudi kumalizia. Mei 2025 akaandika taarifa ndefu akimshambulia Netanyahu na serikali yake, na akawalaumu Hamas pia. Kabla ya ziara akasema hawezi kupiga shoo Israel chini ya Netanyahu. Jonny hakukubaliana naye.

Na hapo ndio fundo lilipo. Msanii wa kampuni akibanwa na swali kama hili, ana pa kujificha. Atasema ni lebo ilipanga, ni promota alisaini, ni mkataba. Watu wa PR wataandika sentensi tatu tamu na mambo yapoe. Radiohead hawana hiyo. Wamewaambia mashabiki kwa miaka karibu 20 kwamba hakuna mtu huwaamulia. Basi na Tel Aviv waliamua wenyewe.

Shida ingine ni kwamba mwenyewe hapa si mtu mmoja. Ni watano, na hawasemi kitu kimoja. Selway alisema wanachoitishwa ni kujitenga na Jonny, na hiyo itakuwa mwisho wa bendi.

Mimi naona wanaodai jibu wana haki ya kudai. Kwa mtu aliyepoteza familia Gaza, uhuru wa wasanii watano kutoka Oxford ni kitu kidogo sana, na kunyamaza kwao si kitu cha kupuuzwa. Lakini jibu moja la bendi nzima halitakuja, kwa sababu hakuna bosi wa kuwalazimisha walitoe. Huyo bosi walimfukuza 2007.

Kila msanii siku hizi anataka kumiliki masters zake, na ni sawa kabisa, pigana uzipate. Ila ujue karatasi ikishakuwa na jina lako peke yako, sifa ni zako, doo ni zako, na siku ya maswali pia ni wewe utaitwa mbele.