Tuhesabu Riziki, Si Magunia Peke Yake

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam na kuwaacha maelfu bila makao. Mapema mwaka 2012 Serikali ilizihamisha familia nyingi za bonde la Msimbazi hadi Mabwepande, ng'ambo ya Wazo, ikazipa viwanja, mahema na chakula. Kwa hilo inastahili pongezi.

Hata hivyo, gunia la unga halijibu swali lililo kubwa zaidi: watu hao walikuwa wakipataje mlo wao kabla ya maji kuja? Mkazi wa Jangwani au Kigogo alikwenda Kariakoo kwa miguu, akabeba mizigo, akauza mitumba au samaki wa kukaanga. Mabwepande iko kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya mji. Nauli hula kwanza, watoto wakala kilichobaki. Haikuwa ajabu, basi, kwamba baadhi yao walirejea bondeni. Waliowaita wakaidi wangepanda basi lile kwa mwezi mmoja tu, kwa fedha zao wenyewe.

Chakula chaweza kujaa sokoni na mtu akalala njaa. Mchumi Amartya Sen alilithibitisha jambo hilo mwaka 1981 alipoichambua njaa ya Bengal ya mwaka 1943. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua bila kitabu. Mvuvi akihojiwa bahari imetulia ataandikwa kuwa hana shida. Kusi ikivuma, ngalawa iko pwani na deni liko dukani.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wanaopima maafa waulize familia imeuza nini na inadaiwa na nani. Aliyeuza cherehani ili anunue sembe amekula leo mlo wa mwezi ujao. Vyombo vipo: Bara kuna mfumo wa MUCHALI, na Zanzibar ilitunga sheria ya uhakika wa chakula na lishe mwaka 2011. Visiishie vijijini kana kwamba mjini hakuna njaa.

Jambo hili halijapita. Mwaka 2023 wakazi wa Msimbazi walianza kulipwa fidia ili wapishe mradi wa kuliendeleza bonde. Nyumba zao zilithaminiwa. Tunataka kuona pia daftari linaloonyesha kila mmoja wao anafanya kazi gani sasa, na wapi.